Masaa 8 ya dere wa lori yanahesabiwa kuanzia wapi?

Trela ikiua watu, maneno ni yale yale, madere hawalali, wabanwe. Kenya sheria ipo, kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki, gari la biashara mwisho masaa 8 ya kuendesha ndani ya masaa 24. Na ni sheria ya maana jamani, mtu aliyekaa macho masaa 17 mfululizo akili yake inachelewa kama ya mtu aliyekunywa, na pia bila kikomo dere hana cha kumjibu bosi anayepiga simu kila saa "umefika wapi".

Shida ni kwamba inahesabu usukani tu. Dere ameshinda akingoja kontena Mombasa, Mariakani foleni tena ya mizani, akishika barabara kisheria masaa yake 8 bado mazima wakati mwili umechoka toka jana. Akifika Malaba mpakani na Uganda foleni imejaa, hawezi kulala, maana lori la mbele likisogea na yeye asisogee anachomekewa, na akipitiwa na usingizi anaamka dizeli imenyonywa. Hayo yote kwenye hesabu ni "hakuendesha", kwa hiyo eti amepumzika!

Wakaguzi wa Wizara ya Uchukuzi ya Marekani mwaka 2018 walikadiria kwamba muda wa lori kukaa likingoja kupakia au kushusha ukiongezeka kwa wastani wa dakika 15 tu, ajali zinatarajiwa kupanda asilimia 6.2. Dakika 15! Sisi hizo hata hatuziiti kungoja, huku mtu anangoja hadi kesho yake. Na sababu haijifichi, dere analipwa kwa tripu, kwa hiyo muda uliopotea getini ataufidia barabarani. Hukohuko Marekani walipolazimisha vifaa vya kurekodi masaa mwishoni mwa 2017, makosa ya kuzidisha masaa yalishuka kweli lakini ajali hazikushuka, na kwenye kampuni ndogo makosa ya spidi yakaongezeka.

Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900, kwa mwendo wa lori lenye mzigo hiyo ni siku mbili ukifuata sheria, sasa hiyo siku ya pili nani anamlipa? Masaa ya foleni yahesabiwe kazi na yalipwe, na anayelichelewesha lori ndio alipe, halafu ndio tumbane dere kwa hizo 8.