Dayathemi: moto unaofaa tumboni si lazima ufae kooni

Aliyewahi kuingia thieta anaijua harufu ile ya nyama ichomwayo bila chumvi wala ndimu. Daktari anakanyaga pedali, mashine inalia tiii, moshi mwembamba unapanda, na kamshipa kalikokuwa kakirusha damu kanatulia. Hakuna uzi, hakuna fundo. Ndiyo maana idara karibu zote za upasuaji, kuanzia mifupa hadi ubongo, zimeizoea dayathemi, mashine inayotumia joto la umeme kukata nyama na kuzuia damu, kiasi kwamba kuhoji matumizi yake ni kama kuhoji taa.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Oktoba 1, 1926, huko Boston, Marekani, daktari wa upasuaji wa ubongo Harvey Cushing alimrudia mgonjwa ambaye siku chache kabla alilazimika kumwachia njiani, kwa kuwa uvimbe wake wa kichwani ulivuja damu kupita kiasi. Safari hii alikuwa na dayathemi iliyoundwa na William Bovie, na uvimbe ukatoka. Katika hospitali ambayo benki yake ya damu ina chupa mbili tu kwenye friji, hoja hiyo ina uzito kuliko huko Boston kwenyewe. Hata ile hofu ya zamani kwamba ngozi ikipasuliwa kwa dayathemi kidonda kitaoza, tafiti zilipolinganishwa hazikuonyesha tofauti ya maana na kisu.

Tatizo ni kwamba joto haliishii kwenye ncha. Umeme wake hugeuka mara laki kadhaa kwa sekunde, kasi ambayo misuli na moyo haviwahi kuuitikia, lakini seli zinapikwa: zikifika nyuzi 60 hivi zinakufa, zikifika 100 maji yake yanachemka na zinapasuka. Na jirani zake nazo zinaiva, bila aliyeshika chombo kuona.

Kwenye mafuta ya tumbo, mwili huvumilia. Koo halivumilii. Uingereza ilifuatilia zaidi ya watoto na watu wazima 33,000 waliotolewa mafindofindo mwaka 2003 na 2004. Waliofanyiwa kila kitu kwa dayathemi walitokwa damu baadaye karibu mara tatu ya waliofanyiwa kwa kisu na nyuzi. Kidonda kilichoungua hujifunika gamba; gamba likibanduka siku kadhaa baadaye, mshipa unabaki wazi, na mtoto yuko nyumbani kitandani, si mbele ya daktari. Damu iliyozuiwa mezani inakuja kudaiwa usiku. Kwa familia iliyo saa tatu kutoka hospitali, dakika zilizookolewa thieta zimelipwa na nani?

Ovari nayo ni hivyo hivyo: ukitoa uvimbe kisha ukaunguza mahali ulipokaa, unaunguza na mayai, kushona huyahifadhi zaidi.

Halafu kuna tohara, ambapo sioni pande mbili. Dayathemi ya monopola huingiza umeme kwenye ncha, nao husafiri mwilini hadi kwenye pedi iliyobandikwa pajani. Tumboni njia ni pana. Kwa mtoto mdogo njia pekee ni shina la uume, jembamba kama kidole, na joto lote linajikusanya humo. Wapo watoto waliopoteza kiungo kwa namna hiyo. Bipola, ambayo umeme wake hupita kati ya ncha mbili za koleo basi, haina hatari hiyo, na mara nyingi mashine ni ile ile: ni kubadilisha tundu tu.

Kuna mahali moto umeshinda kwa haki: mlango wa kizazi. Muuguzi anapaka siki, doa linaloweza kuja kuwa saratani linageuka jeupe, anaweka kifaa chenye nyuzi 100 kwa kama nusu dakika, na mama anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2019. Kifaa chenyewe kinaweza kutumia betri, wakati kugandisha kwa baridi kunahitaji mtungi mzito wa gesi, na gesi ikiisha kliniki imefungwa. Kasoro yake ni kwamba kilichounguzwa hakiendi maabara. Doa likiingia ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi lisionekane mwisho wake, kuliunguza ni kufunika usichokijua.

Moshi nao una kesi yake. Rhode Island, Marekani, iliweka sheria ya kuuondoa thieta kwa mashine tangu 2018. Barakoa ya kawaida ya upasuaji haizuii chembe zake ndogo.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni pedi. Imetengenezwa itumike mara moja. Palipo na uhaba hurudiwa, gundi ikikauka inashikizwa kwa plasta, kona moja inanyanyuka, na umeme uliokuwa utawanyike kwenye eneo pana kama kiganja unatokea kwenye sehemu ndogo kama sarafu. Paja linaungua, na mwenye paja yuko kwenye nusu kaputi. Kwa hiyo nikisikia hospitali imenunua dayathemi mpya, siulizi bei. Nauliza zimekuja paketi ngapi za pedi, na koleo la bipola liko kabati gani.