Tusisingizie Maabara, Tuangalie Swali la Mtihani

Yakizuka mazungumzo ya kwa nini watoto wetu wanaikimbia sayansi, wa kwanza kulaumiwa ni ukosefu wa maabara. Shule za msingi hazina maabara, hazina darubini, nyingine hazina hata sumaku. Ni kweli hazina. Lakini kadiri ninavyosoma namna nchi nyingine zinavyofundisha somo hili kwa watoto wadogo, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba vifaa tunavisingizia. Kinachoamua mwalimu atafanya nini darasani Jumatatu asubuhi ni swali ambalo mtoto ataulizwa siku ya mtihani wa mwisho.

Finland nitaipita haraka, maana hakuna makala ya elimu isiyoitaja na tunajua habari zake: mwalimu wa darasa la kwanza ana shahada ya uzamili, na shule ya msingi haina mtihani wa taifa. Hongera kwao. Mfano unaotuhusu zaidi uko India, katika shule za vijijini za wilaya iliyokuwa ikiitwa Hoshangabad, jimbo la Madhya Pradesh.

Mwaka 1972 vikundi viwili vya kijamii vya huko, vikisaidiwa na wanasayansi kutoka Chuo Kikuu cha Delhi na Taasisi ya Tata ya Bombay, vilianza kufundisha sayansi kwa namna mpya katika shule 16, darasa la sita hadi la nane. Vifaa vilikuwa vya bei ya chini kabisa. Watoto walifanya majaribio kwa makundi ya wanne wanne. Kitabu chao kilijaa maelekezo na maswali, lakini majibu hakikuwa nayo. Jibu lilikuwa lile ulilolipata mwenyewe na kuliandika kwenye daftari lako. Mtoto akibaki na swali lililomkera, alimwandikia barua Sawaliram, mhusika wa kubuni ambaye nyuma yake walikaa watu wa mradi waliojibu barua kwelikweli.

Yote hayo ni mazuri, ila kilichonifanya nisome habari hizo mara mbili ni mtihani wao. Mtoto aliruhusiwa kuingia na kitabu na daftari. Hebu fikiri: msimamizi anapita, anakuona umefunua daftari lako la sayansi, na anaendelea na safari zake! Sasa ukishamruhusu mtoto kufunua daftari, huwezi tena kumuuliza "taja kazi tatu za mizizi". Inakubidi utunge swali ambalo jibu lake haliko kwenye ukurasa wowote, la kumtaka atumie alichokiona. Juu ya hapo kulikuwa na mtihani wa vitendo. Mwalimu aliyeruka majaribio mwaka mzima hakuwa na pa kujificha. Mradi ulikua ukafikia shule kama elfu moja, na mwaka 2002 serikali ya jimbo ikaufunga. Ulidumu miaka 30, katika mazingira ambayo mwalimu wa Singida au Turkana asingeyashangaa.

Basi tufute mitihani tupumzike? England walijaribu kitu cha namna hiyo. Sayansi kwao ni somo la lazima katika shule za msingi tangu mtaala wa taifa ulipotungiwa sheria mwaka 1988, na watoto wa miaka 11 walikuwa wakifanya mtihani wake. Baada ya 2009 mtihani huo ukaondolewa, Kiingereza na hisabati vikabaki. Mwalimu yeyote wa kwetu angeweza kutabiri kilichofuata: vipindi vya sayansi vikaanza kumegwa ili masomo yanayopimwa yapate nafasi. Wakaguzi wao wenyewe wameliandika hilo.

Singapore hawakufuta kitu. Mtihani wao wa darasa la sita ni mkali, na wazazi wanalipa tuisheni kuliko hata wa Dar es Salaam. Lakini karatasi ya sayansi ina sehemu nzima ambayo mtoto hachagui herufi. Anaandika kwa nini jambo limetokea hivyo. (Najua wapo wanaokariri hata hayo maelezo. Binadamu hashindwi.) Katika TIMSS ya 2023, upimaji wa kimataifa wa hisabati na sayansi, watoto wao wa darasa la nne walipata alama 607 katika sayansi, kwenye kipimo ambacho alama 500 ndiyo ya katikati. Na somo hilo hawalianzi mpaka darasa la tatu.

Japani nao huanza darasa la tatu. Kabla ya hapo mtoto anapanda maua kwenye chungu chake na kuyatazama yakikua. Akifika darasa la tano anakutana na pendulamu: uzi na kitu kizito kinachobembea. Kabla ya kugusa chochote, darasa linabashiri. Je, ukiongeza uzito itabembea haraka zaidi? Ukiivuta mbali zaidi? Ukirefusha uzi? Kisha wanabadilisha kimoja kimoja, vingine wanaviacha vilevile, wanahesabu na kubishana. Uzi na jiwe! Hapo maabara inahitajika ya nini?

Wala tusijione wageni wa mambo haya. Miaka ya 1960 Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine kadhaa za Afrika zilikuwa katika Mpango wa Sayansi kwa Shule za Msingi za Afrika. Mojawapo ya mada zake ilimhusu yule mdudu anayechimba kishimo kwenye mchanga mkavu na kuwavizia sisimizi waporomokee humo. Mdudu ambaye kila mtoto wa huku ameshamchokoa kwa kijiti. Mtaalamu wa elimu Eleanor Duckworth alipokuja Kenya kupima matokeo, hakuwapa watoto karatasi ya maswali. Aliwapa vitu mezani akawaangalia. Waliopitia mpango huo waligundua mambo mengi zaidi ya kufanya navyo kuliko wenzao.

Leo tuko wapi? Kenya wameleta mtaala wa umilisi, unaotaka mtoto ajifunze kwa kutenda, na mzazi anajua kero ya kutafuta maboksi na gundi saa tatu usiku; lakini mtihani wa darasa la sita ulipoanza mwaka 2022 ulikuja na maswali ya kuchagua. Tanzania tuna bahati ambayo hatuitumii: katika shule za umma mtoto husoma sayansi kwa Kiswahili, kwa hiyo anaweza kubisha, kubashiri na kueleza bila kutafuta maneno. Kisha darasa la saba tunampa karatasi ambayo sehemu kubwa yake ni kuweka kivuli kwenye herufi.

Mimi ningeanza na swali moja tu, kama hili: Neema amepanda miche ya maharage kwenye makopo mawili. La kwanza ameliweka dirishani na kulimwagilia kila siku. La pili amelificha kabatini bila maji. Baada ya wiki mbili mche wa kabatini umekufa, na Neema anasema umekufa kwa kukosa mwanga. Je, unakubaliana naye? Eleza kwa nini.

Najua pingamizi lake. Watahiniwa wa darasa la saba mwaka 2024 walikuwa zaidi ya milioni 1.2, na mashine haisahihishi maelezo ya Neema. Lakini Baraza la Mitihani tayari hukusanya walimu kusahihisha insha za kidato cha nne. Swali moja la mistari minne halitatufilisi. Swali hilo lipewe alama za kutosha kumuumiza anayelipuuza. Kufikia mwezi wa tatu makopo ya maharage yatakuwa yamejaa kwenye madirisha ya shule nchi nzima, na walimu wengi watakuwa wanayaotesha kwa ajili ya mtihani tu. Hilo halinisumbui hata kidogo.