Dada wa kazi wa kwenu anatoka lini?

Majira ya baridi hapa London jua la Ijumaa huzama kabla ya saa kumi jioni. Kwa hiyo ikishagonga saa saba mchana, mama wa watoto ninaowalea huanza kunifukuza: haya, vaa koti, nenda, utachelewa basi. Siku yangu ya kazi imekatwa nusu na ujira uko palepale. Ijumaa iliyopita nimekaa kwenye basi, mkate wao wa kusuka niliopewa bado wa moto mapajani, mdogo wangu wa Tabata, Dar es Salaam, akanipigia. Analalamika. Binti wake wa kazi ameomba Jumapili moja kwa mwezi. "Kaanza kiburi, dada. Huyo keshapata bwana."

Nilimwambia mtandao unasumbua nikakata, maana kwenye basi la watu si mahali pa kugombana. Hapa sasa nina nafasi.

Nalea mapacha wa familia ya Kiyahudi, Golders Green, kaskazini mwa jiji. Wa kiume na wa kike, miaka mitatu bado. Majina yao siyaandiki, nawaita Kulwa na Doto, na wanaitika. Wale wa "umeenda Ulaya kufuta watoto wa watu makamasi," ndiyo, nafuta, ya watu wawili, na nalipwa. Wale wa "Wayahudi tena?" na habari za Gaza, nina maoni yangu na wenye nyumba wanayajua. Ila sijui mnataka nimfanye nini mtoto anayejifunza kuvaa viatu.

Ninachotaka kusema ni kuhusu siku moja ya mapumziko.

Ijumaa jua likizama Sabato yao inaanza, nyumba ile inasimama. Hakuna kuwasha wala kuzima taa, zinajiwasha zenyewe kwa swichi ya saa. Hakuna kupika. Sufuria la nyama, maharage na shayiri limewekwa juu ya sahani ya umeme tangu mchana, litaiva usiku kucha na kuliwa kesho yake. Balbu ya friji imelegezwa ili mlango ukifunguliwa isiwake. Hakuna simu, gari, kalamu, mashine ya kufulia, wala katuni. Sasa weka humo watoto wawili wa umri huo, mmoja anapanda meza, mwingine anamwaga maji, hadi Jumamosi usiku nyota zitoke. Na yaya hayupo.

Mimi si Myahudi, ni mtoto wa Tanga niliyesoma chuo, Sabato hainihusu. Wangeweza kutafuta mwanya wakaniambia nije. Baba wa watoto ndiye aliyenieleza: amri yenyewe ndani ya Taurati haimwambii mwenye nyumba apumzike peke yake, inamtaja mjakazi wake, mgeni aliye kwake, mpaka ng'ombe na punda. Nilimwuliza, kwa hiyo mimi naingia kwenye kundi gani? Akacheka mpaka akavua miwani.

Hiyo Jumamosi yenyewe ni ngumu kuliko mnavyofikiri. Sheria yao inakataza kubeba kitu chochote kutoka ndani ya nyumba kwenda njiani, na kusukuma kigari cha watoto ni kubeba. Ndiyo maana mwaka 2003, baada ya miaka ya kuvutana na majirani na mamlaka za mipango miji, walikamilisha mpaka kuzunguka Hendon, Golders Green na mitaa ya jirani. Wanauita eruvi. Sehemu kubwa ni kuta na uzio uliokuwapo tangu zamani, na penye pengo wamesimamisha nguzo wakapitisha waya juu. Ndani ya mpaka huo mtaa mzima unahesabiwa kama ua mmoja wa familia moja, na mama anaweza kutoka na kigari. Kila wiki unakaguliwa. Upepo ukikata waya Alhamisi na mafundi wasiwahi, basi kigari cha mapacha, ambacho upana wake ni wa bajaji, kinabaki ukumbini na mama anabaki nacho. Wapo majirani wengine, wacha Mungu zaidi, wasioukubali waya ule hata ukiwa mzima. Mama zao hukaa ndani na watoto wadogo Jumamosi nzima.

Mwanamke anayejua hayo yote yanamngoja ndiye anayenisukuma nje ya mlango mchana kweupe.

Sitaki mdhani naishi na malaika. Ijumaa yenyewe kabla sijafukuzwa nakimbizwa kama nina kesi. Vijiko vya watoto ni vyekundu kwa nyama, vya bluu kwa maziwa, maana kwao viwili hivyo havichanganywi, na Doto kwa jinsi alivyoumbwa hataki ila cha bluu. Siku aliyokitumbukiza kwenye supu ya kuku, baba mtu alimpigia rabi. Supu ilikuwa ya moto kiasi gani? Kijiko kilitumika mara ya mwisho lini? Nikakumbuka maswali ya Ramadhani redioni, sheikh akiulizwa kama dawa ya meno inabatilisha funga. Halafu ije Pasaka yao, ambapo chembe ya mkate haitakiwi ndani ya nyumba, na hawa wawili wanaficha biskuti kama panya. Mimi ndiye nilichokonoa mikunjo ya kigari kwa kijiti cha meno. Na nywele za Kulwa! Hazikatwi mpaka afike miaka mitatu, kwa hiyo kila bustani tunayokwenda watu wananisifia wasichana wangu wawili. Kwetu siku ya saba kichwa kimeshanyolewa na akika imeliwa.

Lakini mengine nimeyakuta kama niliyoyaacha. Bibi yao hawezi kusema "watoto wazuri" bila kutema mate kidogo, tfu tfu, kuogopa kijicho. Na watu hawahesabiwi kwa kuwanyooshea kidole, bibi yule huhesabu "si mmoja, si wawili". Ijumaa chache nilizobaki mpaka usiku, nimemwona baba akiwawekea mikono vichwani: wa kiume awe kama Efraimu na Manase, wana wa Nabii Yusufu, wa kike awe kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Kulwa hukwepa. Usiku huo mama hawezi kuniambia "washa taa." Anasimama mlangoni anasema, jamani huku kwa watoto kumekuwa giza. Wayaya wengine wa hapa huchukua miezi kulielewa hilo. Mimi nimelelewa na wanawake wanaosemana kwa khanga, fumbo la taa litanishinda? Mtoto mdogo, nimeelezwa, hukumu yake ni kama ya mgonjwa, kwa hiyo linalomhusu yeye huwa jepesi zaidi.

Turudi Tabata.

Binti wa kazi wa mdogo wangu anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Anapika, anafua, anampeleka mtoto kwenye basi la shule, anamsubiri bosi wake amfungulie geti saa nne usiku. Analala chumba kimoja na watoto, kwa hiyo hata usingizi wake ni zamu. Alitoka Lushoto hajui mji na mpaka leo hajui mji, maana geti analifungua kwa ajili ya wengine. Na mdogo wangu si mtu mbaya! Humnunulia nguo Idi, humtibu akiumwa, humwita "mwanangu". Hapo ndipo ninapochoka kabisa. Mwanao ndiyo, lakini mwanao wa kumzaa Jumapili yuko ufukweni Kigamboni anakula aiskrimu, na huyu ndiye amebeba taulo.

Mdogo wangu huyohuyo ndiye hunitumia zile sauti za WhatsApp za dada zetu walioko Muscat na Riyadh. Unazijua: binti analia chooni, kanyang'anywa pasi ya kusafiria, hana siku ya kutoka. Tunasambaza, tunalaani Waarabu, tunauliza serikali iko wapi. Halafu tunaweka simu chini na kuita jikoni, "We, chai iko wapi?"

Mtaniambia London ina sheria. Hata Tanzania Bara ipo! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mimi hapa Uingereza kwa wiki yangu ya siku tano hesabu ya chini ni 28 vilevile. Mtaniambia basi ni uzungu, tuachieni mila zetu. Mila ipi? Sisi ndio tuliofundishwa madrasa kwamba anayekutumikia ni ndugu yako, umlishe unachokula, umvishe unachovaa, usimtwike asichokiweza. Ustadhi hakusema isipokuwa aliyetoka Lushoto.

Mwingine atasema, na huyu namsikiliza kidogo, "Wewe unaongea kwa mshahara wa pauni. Mimi ni mwalimu, mume wangu yuko Mwanza kikazi, dada akitoka nani ashike mtoto?" Mama yangu, ushike wewe. Najua umechoka. Najua foleni ya Buguruni, najua umeme na maji. Lakini nimekuonyesha mwanamke mwenye wawili, naye ana kazi ya ofisini, hana katuni, hana simu, na waya ukikatika hana hata pa kuwapeleka. Saa kama 25 zikiisha yu hai. Jumapili asubuhi nikifika nyumba imepinduka, vitabu viko sakafuni, Doto kavaa sufuria kichwani, na mama anacheka kwa uchovu huku ananisimulia nani kamng'ata nani.

Sijasema umlipe pauni. Sijasema hata kila wiki, ingawa sheria inasema kila wiki. Mwenzako ameomba moja kwa mwezi, tena kaiomba kwa adabu, amepiga magoti kabisa, na kikao cha familia kimeitishwa.

Na hili la kwamba akitoka atapata bwana, ndilo ninyi nyote mnaliogopa na hamlisemi mpaka mkibanwa. Ana miaka ishirini na mbili. Wewe mdogo wangu kwa umri huo ulikuwa umeshatuletea posa mbili nyumbani na moja tumeirudisha. Ulitaka yeye aolewe na nani, na jiko lako?