Louis Jouvet: sinema ililipa madeni, pumzi ilifanya kazi

Akitajwa Louis Jouvet, mwigizaji na mwongozaji wa tamthilia wa Ufaransa, haichukui muda mtu kukuambia kwamba huyu alicheza filamu kwa ajili ya pesa tu. Ni kweli. Mchana alikuwa studio, jioni jukwaani, na malipo ya mchana yaliingia kwenye mishahara ya waigizaji, mbao za mandhari na kodi ya ukumbi. Tatizo ni kwamba watu wakishasema hivyo hufunga mjadala. Kwangu mimi, filamu zake bora zinasimama kwa ufundi uleule wa jukwaani, na ufundi huo unaweza kuelezwa hatua kwa hatua.

Alizaliwa Crozon, Brittany, tarehe 24 Desemba 1887. Familia ilitaka awe mfamasia, akasoma hadi akapata stashahada mwaka 1913. Conservatoire ya Paris, chuo cha uigizaji, ilimkataa mara 3. Alikuwa na shida ya kutamka, na hofu ya jukwaa ilimbana. Ule usemaji wake wa kukatakata maneno, ambao waigaji hadi leo wanauchekesha, ulitokana na kupambana na kasoro hiyo. Ndiyo maana anayeiga sauti yake bila sababu yake huishia kuwa kichekesho.

Mwaka 1913 mwongozaji Jacques Copeau alipofungua ukumbi wa Vieux-Colombier, Jouvet aliingia kama mwigizaji na pia msimamizi wa jukwaa. Hapo alishika misumeno, nyaya na taa. Taa alizobuni zikaitwa kwa jina lake. Kati ya 1917 na 1919 kundi hilo lilikuwa New York, kwenye ukumbi wa Garrick. Mwongozaji aliyewahi kubeba mandhari mabegani haombi kitu kisichoweza kujengwa.

Kisha tarehe 15 Desemba 1923 ikaja Knock, tamthilia ya Jules Romains kuhusu daktari anayeugeuza mji mzima kuwa wagonjwa. Tazama ile sehemu ya mpiga ngoma wa mji. Knock anamtuma atangaze matibabu ya bure kila Jumatatu asubuhi, saa 3:30 hadi 5:30. Mpiga ngoma naye anaomba apimwe. Knock anamuuliza: pale panakutekenya, au panakuwasha? Swali halina mlango wa “hapana”. Mwigizaji akiweka ujanja kwenye sauti, mtazamaji anamwona tapeli na mchezo unakufa. Jouvet aliuliza kwa sauti kavu, kama karani anayejaza fomu, kwa hiyo anayecheka anacheka huku akijipapasa kifua. Mchezo huu ulikuwa akiba yake: kila hazina ilipokauka, Knock ilirudi jukwaani.

Mwaka 1927 aliungana na waongozaji wenzake Dullin, Baty na Pitoëff katika Cartel, umoja wa kumbi 4 zilizokataa tamthilia za biashara tupu. Mwaka uliofuata akaanza na Jean Giraudoux, na hapo akapata mwandishi wa sentensi ndefu zilizofaa mapafu yake. Mwaka 1934 alihamia ukumbi wa Athénée, na mwaka huohuo Conservatoire iliyomkataa ikampa darasa la kufundisha. (Wakubwa wa vyuo hawaoni aibu.)

Mwaka 1936 alifufua L'École des femmes ya Molière. Mchezo una shida ya kiufundi inayowashinda wengi: mambo ya siri ya nyumbani yanazungumzwa barabarani. Mbunifu wa mandhari Christian Bérard alimjengea kuta za bustani zinazofunguka na kufungika. Zikifungwa uko mtaani. Zikifunguliwa umeingia kwa Agnès, msichana anayefungiwa ndani, bila kuteremsha pazia wala kupoteza kasi. Na mchezo wenyewe ni mashairi ya mizani 12. Mwigizaji akishusha sauti kila mwisho wa mstari, ukumbi unasinzia. Dawa ni kusoma kwanza bila rangi yoyote, kuweka alama mahali pa kuvuta pumzi, kisha kuibeba sentensi hadi nukta yake hata kama inavuka mistari 3. Anayekatika katikati kwa kawaida hakosi hisia, amekosa hewa.

Lakini asidhaniwe kuwa fundi wa mapafu tu. Kati ya Februari na Septemba 1940 alitoa masomo 7 juu ya onyesho moja la Dom Juan ya Molière, pale Elvire anaporudi kumwonya mwanamume aliyemtelekeza. Mwanafunzi, Claudia, alikuwa na akili na mbinu, na hilo ndilo lililomkwamisha. Jouvet alitaka aingie akiwa tayari amejaa, aseme bila kupanga. Ukisimama kupima athari ya maneno, onyo linageuka ombi la kujitakia, na Elvire hajiombei chochote. Masomo hayo yaliandikwa kwa hatimkato na yanasomeka hadi leo. Claudia, kwa kuwa alikuwa Myahudi, alipigwa marufuku kuigiza.

Sasa turudi kwenye filamu. Katika Hôtel du Nord ya Marcel Carné (1938) yeye ni Edmond, anayeishi kwa jasho la kahaba, akibishana na Arletty kwenye daraja la mfereji uliojengwa studio. Arletty anapandisha sauti. Yeye anamaliza sentensi kwa kasi ileile aliyoanza nayo na kumwachia nafasi. Jambo hilo halikutoka kwenye kamera, lilitoka jukwaani.

Mwaka 1941 aliondoka na kundi lake, akazunguka Amerika ya Kusini hadi mwanzoni mwa 1945. Desemba mwaka huo alionyesha La Folle de Chaillot, tamthilia ya Giraudoux, mwandishi mwenyewe akiwa ameshafariki. Alipata mshtuko wa moyo akiwa mazoezini Athénée na kufa humohumo tarehe 16 Agosti 1951.

Anayetaka kumjua aanze na Quai des Orfèvres ya Clouzot (1947), ambamo ni mpelelezi mchovu anayelea mtoto peke yake, halafu Hôtel du Nord. Wasomaji wa Bujumbura na Lubumbashi wanaosikia Kifaransa wazime maandishi ya chini, maana macho yakisoma, pumzi inapotea. Knock ipo mara 2, ya 1933 na ya 1951. Wengi hupendekeza ya pili kwa kuwa picha ni safi. Mimi nachagua ya kwanza: Knock ni daktari anayeanza kazi, na njaa hiyo ya mwanzo Jouvet wa miaka zaidi ya 60 hakuwa nayo tena.