Mama akija Ujerumani, fuata ratiba ya jukwaa

Nyumbani mama hasubiri mwaliko. Anapanda basi na kikapu chake, anafika, na atakaa mpaka mwenyewe aseme sasa narudi. Huku Ujerumani siku zake zinahesabiwa: viza ya Schengen, ile ya kutembelea nchi nyingi za Ulaya, haizidi siku 90 ndani ya kila siku 180. Na mwanawe akiwa mcheza dansi, kumwalika ni kazi kweli kweli.

Ugumu uko kwenye kipato. Ofisi ya wageni ya mji, kabla haijakupa barua ya dhamana, ya kwamba gharama za mama utazibeba wewe (ada yake yuro 29), inataka kuona mishahara ya miezi ya karibuni. Mcheza dansi wa kujitegemea analipwa kwa mradi: miezi miwili fedha zipo, wa tatu hakuna kitu. Ukienda mwezi mkavu, unarudi mikono mitupu. Nenda ukiwa na mkataba uliosainiwa na unaovuka tarehe za ziara, pamoja na hati ya kodi ya mwaka uliopita. Barua ukishaipata, itumike ndani ya miezi 6. Mama naye anatakiwa alipe yuro 90 za viza, awe na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, na aonyeshe ana cha kurudia: hati ya nyumba, pensheni, au barua ya serikali ya mtaa kama shamba ni la ukoo. Angalieni pia jina lake kwenye cheti chako cha kuzaliwa na kwenye pasipoti. Tofauti ya herufi moja huzua maswali.

Wengi humwita mama Julai au Agosti kwa sababu ndipo wana nafasi. Naona ni kosa. Majumba mengi ya maonyesho hufungwa wiki 6 hivi wakati wa kiangazi, kwa hiyo mama atarudi bila kuiona kazi yenyewe, na mashangazi wakimuuliza mtoto anafanya nini Ulaya hatakuwa na la kuwaambia. Desemba maonyesho ni tele, lakini Berlin jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Mwite mwisho wa Mei au Juni, majumba yakiwa bado wazi na mwanga ukikaa mpaka saa tatu na nusu usiku.

Na wiki 3 au 4 zinatosha. Mazoezi huanza saa nne asubuhi na mara nyingi huisha saa kumi na mbili jioni. Muda wote huo mama yuko peke yake ghorofa ya nne, jengo la zamani lisilo na lifti, na hakuna jirani wa kupiga hodi. Kwetu mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Mama akikosa jembe hunyong'onyea. Ombeni ruhusa siku moja akae kwenye benchi la chumba cha mazoezi. Aone kidole gumba cha mguu kilichozungushiwa plasta, kisigino kilichopasuka, na hatua ile ile ikirudiwa mara ishirini. Hapo ataelewa kwamba hii ni kazi.

Mizigo: samli, maziwa na nyama kavu havipiti forodha. Dagaa wakavu wanapita, hadi kilo 20 za samaki. Ndizi, nazi, nanasi na tende hazina shida, ila embe na ndimu zinadai cheti cha afya ya mimea. Dawa za presha abebe za safari nzima, na karatasi ya daktari, maana bima nyingi za safari hazigusi ugonjwa wa zamani.

Usiku wa onyesho, mwandae mapema. Mwambie mavazi yatabana mwili. Mwambie pia kwamba ukumbi hukaa kimya mwanzo hadi mwisho. Kwetu ngoma ikikolea mtu huinuka kwenda kumtuza mchezaji noti, lakini Ujerumani akisogelea jukwaa atazuiwa. Asubiri wachezaji watoke mbele kuinama, watu waanze kupiga makofi. Hapo avipige vigelegele vyote alivyokuwa amevizuia.