Kristofa wa Kigogo

Baba aliniita Kristofa, na kila nilipofanya kosa utotoni alinikumbusha kwamba jina hilo si la mchezo, maana yake ni mbeba Kristo. Habari za mtakatifu huyo alizisimulia kama vile alikuwepo: lijitu lenye nguvu, kazi yake kuvusha watu mtoni kwa mabega, usiku mmoja likabeba mtoto mdogo, katikati ya maji mtoto akawa mzito kama dunia nzima. Kumbe ni Yesu mwenyewe. Mwaka 1969 Roma ilimtoa Kristofa kwenye kalenda ya Kanisa zima, sikukuu yake ya 25 Julai ikaachiwa wanaomtaka. Baba hakutaka kabisa kusikia hilo. Na mimi, mrithi wa jina la lijitu hilo, nina kilo 58, tena hapo nimeshakula.

Jumapili ya 15 Aprili 2018 sikuwa nimekula. Masika yalikuwa yameichapa Dar vibaya, Jangwani hakupitiki, na mto Msimbazi ulikuwa si wa kuutania. Huo ukijaa unabeba nyumba na watu wake. Kanisani tulikuwa wachache. Padre akasoma Luka 24, pale Yesu aliyefufuka anapowatokea wanafunzi nao wanadhani ni mzimu. Akawaambia watazame mikono yake na miguu yake. Bado hawaamini. Akaomba chakula, wakampa kipande cha samaki wa kuokwa, akakitwaa, akala mbele yao.

"Ninyi ndio mashahidi," padre akasema, akatunyooshea kidole sisi wanakwaya tuliokuwa tunasinzia. "Na ushahidi si mdomo. Ni mikono na miguu! Mwenzako yuko kwenye shida, wewe umesimama pembeni unaangalia kama mpira?"

Mimi maneno ya namna hiyo huwa yananiingia vibaya. Nilitoka pale natafuta mtu mwenye shida.

Sikumtafuta sana. Kuingia mtaani kwetu Kigogo, maji yamekata njia, rangi ya chai ya maziwa, kandambili moja inaelea inazunguka zunguka. Vijana wa mkokoteni wameshafungua biashara: kuvushwa mgongoni buku, kwenye mkokoteni buku mbili. Pembeni amesimama mama mmoja muuza samaki wa kukaanga, mama wa Kiislamu, amejitanda khanga, ndoo ya vibua kichwani, analia bei.

Nikavua viatu vya Jumapili, nikavifunga kamba shingoni. Suruali nikaikunja hadi magotini.

"Shikamoo mama. Panda mgongoni, nakuvusha bure."

Akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, safari ambayo haikumchukua muda.

"Marahaba. Mwanangu, umekula?"

"Nimekula Neno, mama."

"Haya," akasema, kwa sauti ya mtu anayesaini mkopo.

Vijana wakanung'unika kwamba naharibu soko. Mmoja akaita, "Broo, pita kushoto, huku kuna mtaro!" Nikajua ni wivu wa biashara. Nikapita kulia.

Hatua kumi za kwanza zilikuwa za kitakatifu kweli. Ya kumi na moja magoti yakaanza kutetemeka. Kufika katikati nikaona mama anaongezeka uzito, na naapa wazo lililonijia ni kwamba, Bwana wangu, ndiyo yale yale! Huyu si mama wa kawaida! Nikataka kumuuliza yeye ni nani hasa, ila pumzi ya kuuliza sikuwa nayo.

Mtaro wa mtaani kwetu una mifuniko ya zege. Ulikuwa nayo, niseme, maana kila mwaka inapungua na hakuna anayejua inakwenda wapi. Mguu wangu wa kulia ulikanyaga mahali pa mfuniko, ukakuta hakuna kitu, ukaendelea na safari. Mguu wa kushoto ukaufuata mwenzake.

Nilipofumbua macho maji yalikuwa kidevuni. Mama alikuwa amesimama wima ukingoni mwa mtaro, maji chini ya magoti, na mimi nimemkumbatia mguu kwa mikono miwili. Vibua waliokaangwa alfajiri walikuwa wamerudi majini, wamechelewa kidogo, wanaelea kuelekea Msimbazi.

"Lahaula!" akasema mama. Akainama, akanikamata ukosi wa shati, akanivuta mara moja tu. Nikatoka kama muhogo.

Mashahidi hawakukosekana. Ng'ambo zote mbili simu ziko juu, wanarekodi. Jioni ile video ilifika kwenye grupu la jumuiya yetu, na mtu akaiandikia chini "Kwaya, besi ya kwanza".

Vijana wakaleta mkokoteni bila kuitwa. Wakanipandisha mimi kwanza, kiatu kimoja shingoni, cha pili kimefuatana na vibua.

"Mama wewe twende bure," akasema yule aliyenionya. "Huyu ni buku mbili."

Nikatoa simu niwatumie hela. Ikanitapikia maji kwenye kiganja. Mfukoni hakuna kitu, sadaka nilishatoa yote kwa ile hamasa. Mama akafungua fundo la pindo la khanga, akahesabu sarafu taratibu, akalipa nauli ya mwokozi wake. Samaki wake nilikuja kuwalipa kwa awamu tatu, na awamu ya pili nilichelewa.

Tulipofika ng'ambo nilikaa kwenye tofali, natetemeka. Umati haujaondoka, kila mtu anasubiri kuona kama kuna sehemu ya pili. Mama akainamisha ndoo, akachungulia. Chini kabisa alikuwa amebaki kibua mmoja, amenasa kwenye gazeti lililoloa mafuta. Akamkata vipande viwili kwa vidole, cha mkia akabaki nacho yeye.

"Shika, mwanangu. Siku nyingine ule kwanza ndio ubebe watu."

Nikakitwaa, nikala mbele yao.