Ada ya Kujifungua Iliondolewa, Mbona Akina Mama Bado Wanafariki?

Juni 2013 serikali ya Kenya ilifuta ada ya kujifungua katika vituo vya afya vya umma. Wanaoitetea sera hiyo, iliyokuja kuitwa Linda Mama, wanaonyesha kwamba uzazi unaofanyika katika vituo vya afya ulipanda kutoka asilimia 61 katika utafiti wa kitaifa wa 2014 hadi asilimia 82 katika ule wa 2022. Wanaoikosoa wanataja vifo vya akina mama: utafiti wa 2014 ulikadiria vifo 362 kwa kila vizazi hai 100,000, na sensa ya 2019 ikapata 355.

Ulinganisho huo wa vifo una kasoro, kwani kadirio la 2014 lilihusu zaidi miaka ya kabla ada haijafutwa, na mbinu za sensa ni tofauti. Hata hivyo, sensa hiyo hiyo ilipata 67 Nairobi na 641 Garissa, na hapo ndipo wakosoaji wanaponigusa, maana sera ilikuwa moja katika kaunti zote mbili.

Muuaji mkuu ni kuvuja damu baada ya kujifungua, na damu haisubiri. Sindano ya oksitosini, dawa ya kuzuia damu hiyo isivuje, huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo zahanati ambayo friji yake huzimika kila umeme unapokatika inaweza kumchoma mama dawa iliyokwisha nguvu. Utafiti uliochapishwa 2023, uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba karatasi ya plastiki yenye alama za vipimo, inayokinga damu chini ya mama, ikiambatana na matibabu yanayotolewa yote kwa pamoja bila kusubiri, hupunguza uvujaji mkubwa na madhara yake kwa asilimia 60. Mkunga hakisii tena. Anasoma kipimo, anachukua hatua.

Je, basi ada irudi? La hasha. Mama anayeogopa bili huchelewa nyumbani, na hakuna friji itakayomwokoa huko. Ndiyo maana bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF iliyokuwa ikiendesha Linda Mama, Oktoba 2024, na inayotegemea michango ya kaya, inanitia wasiwasi: watetezi wake wana haki kusema kwamba mfuko usiochangiwa hukauka, lakini uchungu wa uzazi hauulizi kama mchango umelipwa. Kaya maskini zilipiwe na serikali, na malipo ya kila uzazi yafike mapema kwenye kituo chenyewe, yanunue dawa, mafuta ya ambulensi na damu ya akiba, kwa kuanzia na kaunti kama Garissa.